Matarishi wa Damu: Moyo Hulindwa Jikoni Kabla ya Hospitali



Misiba mingi ya siku hizi huanza na maneno yale yale: "Alikuwa mzima kabisa. Jana tu alikuwa shambani." Baba wa miaka hamsini ameanguka akitoka kuoga. Mama amelala salama, asubuhi upande mmoja wa mwili hauna nguvu na mdomo umepinda. Jirani mmoja husema ni presha, mwingine husema amepigwa na upepo mbaya, na wa tatu hutafuta nani alimwonea wivu. Wote hukubaliana kwamba jambo lenyewe limekuja ghafla.

Nia ya makala haya ni kupinga neno hilo "ghafla". Ugonjwa wa moyo na mishipa kwa kawaida hujengeka taratibu, kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote damu hubeba habari zake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya ugonjwa huu yamo ndani ya damu, na baadhi yake yanaonekana hata kwa nje kama tukikubali kuyatazama. Maoni yangu ni kwamba sisi wa Kibaha na Kisarawe tuko mahali na wakati ambapo tukiyatazama mapema tutaokoa watu wengi, na kwamba kazi hiyo inaanzia jikoni na kwenye karamu zetu, kabla ya kufika hospitali.

DAMU NI NJIA YA HABARI

Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kwamba damu hubeba chakula na hewa. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Damu pia hubeba habari kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Kila kiungo hutoa chembe ndogo mno za kemikali, huzitia katika damu, na kiungo cha mbali hupokea na kutii. Zamani serikalini alikuwapo tarishi, mtu wa kupeleka barua ofisi kwa ofisi. Basi tuziite chembe hizi matarishi wa damu.

Tarishi anayejulikana sana ni insulini. Hutoka katika kongosho na kuziamuru seli zipokee sukari. Asipotosha, au asiposikilizwa, mtu hupata kisukari. Lakini wako wengine wengi, na baadhi yao wamejulikana katika miaka ya karibuni tu.

Kwa muda mrefu waganga waliyaona mafuta ya mwilini kama akiba tu, mfano wa mahindi ghalani. Mwaka 1994 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakiongozwa na Jeffrey Friedman, waligundua kwamba mafuta yana tarishi wake, ambaye baadaye aliitwa leptini. Kazi yake ni kuuambia ubongo: "Akiba ipo, acha kula." Mtu anaponenepa sana, leptini huzidi katika damu, na ubongo huzoea kelele zake hata usisikie tena. Njaa haipungui, na wakati huo huo leptini nyingi huchochea mishipa ya fahamu inayopandisha shinikizo la damu.

Mafuta yana tarishi mwingine aliye mwema, jina lake adiponektini. Huisaidia insulini kufanya kazi na huilinda mishipa ya damu. Ajabu yake ni kwamba kadiri mafuta ya tumboni yanavyoongezeka, yeye hupungua. Kwa hiyo mwenye kitambi hupata hasara mara mbili: wajumbe wa shari wanazidi, na mjumbe wa heri anapungua.

Kundi la tatu ni matarishi wa kinga ya mwili, wanaoitwa saitokini. Ukijikata na jembe, wao ndio huita askari wa mwili waje kupambana na vijidudu. Kidonda huwa chekundu, huvimba na kuwa cha moto, kisha hupona na wito hukoma. Huo ni mwako wenye faida. Lakini mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo, sigara, na baadhi ya maradhi ya muda mrefu huufanya wito huo usikome. Mwako mdogo hubaki ukiwaka ndani kwa ndani, bila homa na bila maumivu. Ini nalo hupata habari na kutoa protini inayoitwa CRP, ambayo inaweza kupimwa katika maabara.

Mwako huo ndio unaosaidia lehemu kujipenyeza na kuganda katika kuta za mishipa ya damu. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake. Ikiwa ni katika mshipa wa moyo, huo ni mshituko wa moyo. Ikiwa ni katika mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi.

Je, matarishi hawa wanasababisha, au wanatangaza tu? Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa juu ya watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata mshituko wa moyo. Baadhi yao walidungwa dawa ya kumzuia tarishi mmoja wa mwako, aitwaye interlukini-1 beta. Lehemu ya damu haikupungua, lakini kwa kipimo cha kati cha dawa ile mishituko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 15 hivi. Dawa yenyewe ni ghali mno na ilileta maambukizi ya kuua kwa wachache, kwa hiyo si dawa ya kumwandikia kila mtu. Ila ilithibitisha kwamba mwako wa ndani una mkono wake katika ugonjwa wa moyo.

USHAHIDI WA HAPA NYUMBANI

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu na vyakula vyao. Sivyo. Baadhi ya ushahidi mzuri sana umetoka hapa hapa Tanzania.

Huko Lugalawa, wilayani Ludewa, watafiti walilinganisha watu wa asili moja wanaoishi katika eneo moja, lakini wenye vyakula tofauti. Kijiji kimoja kilikuwa kando ya Ziwa Nyasa, na watu wake walikula samaki kwa wingi kila siku. Kingine kilikuwa mbali na ziwa, na watu wake walikula hasa vyakula vya shambani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: walaji wa samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi, na lehemu kidogo zaidi katika damu. Mwaka 2002 ukachapishwa utafiti mwingine juu ya watu zaidi ya 600 wa vijiji hivyo, safari hii wakipimwa leptini. Ingawa unene wao ulilingana, walaji wa samaki walikuwa na leptini ya chini sana kuliko wenzao. Miili ilionekana sawa kwa macho, lakini habari zilizomo katika damu zilikuwa tofauti.

Ushahidi wa pili umetoka Kilimanjaro, kwa wataalamu wa KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Mwaka 2021 walitoa matokeo ya watu 323 wenye afya njema, wa mjini Moshi na wa vijijini. Waliona kwamba kinga ya mwili ya watu wa mjini ilikuwa katika hali ya mwako zaidi, na kwamba chakula kilikuwa na sehemu kubwa katika tofauti hiyo. Kumbuka kwamba hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu wazima wanaokwenda kazini.

Kisha wakafanya jaribio ambalo kila mama wa nyumbani anastahili kulijua. Liliwahusu wanaume 77, na matokeo yalitolewa mwaka 2025. Vijana wa kijijini waliozoea vyakula vya asili walilishwa kwa majuma mawili vyakula vya kizungu vya siku hizi, kama vile chipsi na mkate mweupe. Wa mjini waliozoea vyakula hivyo wakalishwa majani ya mboga, jamii ya kunde, ndizi, viazi na magimbi, na nafaka zisizokobolewa. Katika majuma mawili tu damu yao ilibadilika. Waliokwenda kwenye chipsi walinenepa, na matarishi wa mwako wakaongezeka. Waliorudi kwenye chakula cha asili, mwako ulipungua, na baadhi ya nafuu hiyo ilikuwa bado ipo majuma manne baadaye.

Tusitie chumvi. Jaribio lile lilikuwa la wanaume peke yao, na la siku chache. Halikuhesabu nani alipata ugonjwa wa moyo. Utafiti wa Lugalawa nao ulilinganisha vijiji, na vijiji hutofautiana kwa mengi zaidi ya samaki. Lakini ukiziweka tafiti hizi pamoja, zinaelekea upande mmoja: chakula cha babu zetu kinazungumza na damu kwa upole, na chakula cha haraka kinaigombeza.

KWA NINI KIBAHA NA KISARAWE

Miaka ya 2003 hadi 2006 wataalamu walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika sehemu mbili za nchi: Hai vijijini, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 316. Ni karibu mara tatu. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Sasa tazama ramani. Kibaha imekaa juu ya barabara ya Morogoro. Kisarawe inapakana na Pugu. Jiji linatufuata kwa miguu yake. Mashamba ya mihogo na mikorosho yamekatwa kuwa viwanja. Mahali palipokuwa na kisamvu pamejengwa fremu za maduka, na mbele ya fremu pana kabati la kioo lenye chipsi. Safari ya kutoka kijijini hadi barabarani, ambayo mama zetu waliitembea na mzigo kichwani, leo ni ya bodaboda. Siilaumu bodaboda, imeokoa wajawazito wengi. Nasema tu kwamba kile kilichotufanya tutembee kimeondoka, na hatukuweka kitu badala yake.

Hata hivyo, bado hatujawa Kariakoo. Kutoka Maneromango hadi Mlandizi bado muhogo unalimwa, kunde na mbaazi zipo, mchicha na matembele huota nyuma ya nyumba, na dagaa hupatikana gengeni. Mwenzetu wa mjini akitaka kurudi kwenye chakula cha asili lazima akitafute. Sisi bado kinatuzunguka, ila tumeanza kukionea haya.

KITAMBI SI CHEO

Haya hiyo ndiyo ninayotaka kuisema wazi. Mgeni akija tunakimbilia soda, mkate mweupe na chipsi, kwa sababu muhogo na kunde tunaona ni kumtia aibu. Katika sherehe za Kipaimara na Komunyo ya Kwanza mtoto wa miaka kumi hunywa soda tatu, na hapana anayemzuia, maana ni siku yake. Baba akiota kitambi husifiwa kwamba mambo yamemnyookea. Mama akipungua, hata kama amepungua kwa jitihada yake mwenyewe, majirani hunong'ona.

Minong'ono hiyo ina historia. Katika miaka ya UKIMWI bila dawa, kukonda kuliogopwa kwa haki, na unene ukawa hati ya kuonyesha kwamba mtu ni mzima. Leo dawa za kufubaza virusi zipo na wengi wanaishi nazo miaka mingi. Tena wataalamu wanatuambia kwamba wanaoishi na virusi hivyo nao wana hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo, kwa sababu mwako wa ndani hauzimiki wote hata kwa dawa. Hofu ile ilikuwa na sababu yake wakati wake. Kuendelea kuuabudu unene leo ni kuwazika watu kwa sifa.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wa kwanza atasema: "Mbona fulani alikuwa mwembamba na akafa kwa presha?" Ni kweli. Chumvi, sigara, pombe, figo na urithi wa familia havimwulizi mtu uzito wake. Ndiyo maana mwembamba naye apimwe.

Wa pili atasema: "Nikienda maabara nikapimwe hao matarishi, si nitakuwa na uhakika?" Ninamshauri asitumie fedha zake huko. Kipimo cha CRP, kwa mfano, hupanda hata kwa mafua au malaria, na daktari hukihitaji kwa sababu maalumu. Habari kubwa ya matarishi hawa unaweza kuikisia kwa vitu viwili rahisi: utepe wa fundi cherehani na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Aidha, jihadhari na wanaouza ndani ya mabasi dawa za "kusafisha damu chafu". Damu haina uchafu wa kuoshwa kwa chupa. Ina habari, na habari hubadilika mwenendo wa maisha ukibadilika.

Wa tatu, ambaye ninamheshimu zaidi, atasema: "Chakula bora ni cha wenye fedha." Hapa tufanye hesabu pamoja. Matunda ya dukani na mafuta ya bei kubwa si lazima. Linganisha bei ya sahani ya chipsi na soda, na bei ya kunde, matembele na dagaa vinavyotosha nyumba nzima. Umaskini unatubana katika mengi, lakini katika hili mara nyingi tunalipa zaidi ili tuumie. Ugumu wa kweli ni muda wa mama, kwa maana kunde huchukua kuni na saa nyingi. Basi baba na vijana wa nyumbani washike mwiko, kazi hiyo isiwe ya mama peke yake.

TUFANYE NINI

1. Pima kiuno. Chukua kamba yenye urefu wako kutoka kisigino hadi utosini. Ikunje mara mbili, kisha izungushe kiunoni usawa wa kitovu. Isipofika, mafuta ya tumboni yamezidi. Kwa utepe, hatari huanza sentimeta 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke asiye mjamzito.

2. Pima shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka ukiwa mtu mzima, hata kama hujisikii vibaya. Likiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, mwone mganga. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa yenyewe.

3. Punguza chumvi. Kijiko kimoja cha chai kinatosha mtu mzima kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo katika vyakula. Hapa watu wa Pwani tuwe macho: samaki ni chakula chema, lakini papa na ng'onda wa chumvi waloweke na kumwaga maji kabla ya kupika. Tui zito la nazi nalo liwe la siku moja moja.

4. Soda iwe ya nadra, na mtoto asizoezwe. Maji, madafu na tunda lenyewe vinatosha.

5. Tembea. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa juma, ni dawa isiyouzwa. Sigara iachwe kabisa.

6. Kuhusu mbege na pombe nyingine: ni kweli kwamba katika jaribio la Kilimanjaro mbege ya asili ilipunguza mwako kwa waliokunywa kwa juma moja. Lakini asitokee mtu kunisingizia kwamba nimemruhusu kulala kilabuni. Pombe hupandisha shinikizo la damu, na faida iliyoonekana huenda ilitokana na nafaka, ndizi na uchachu wake, si ulevi.

7. Mtu akipinda mdomo, akiishiwa nguvu mkono mmoja, akishindwa kutamka, au akibanwa na maumivu makali ya kifua, msimpake mafuta wala kumtafutia mganga wa kienyeji. Mpelekeni Tumbi, hospitali ya wilaya ya Kisarawe, au hospitali yoyote iliyo karibu, saa hiyo hiyo.

Pendekezo langu la mwisho ni kwa jumuiya zetu ndogo ndogo. Tunachangia misiba kwa moyo, na ni vema. Mashine ya kupimia shinikizo la damu hugharimu kidogo kuliko jeneza. Kila kigango kinunue moja, na muuguzi au mganga aliyemo miongoni mwa waamini awafundishe wawili watatu kuitumia. Mara moja kwa mwezi, baada ya misa, watu wapimwe na kuandikwa katika daftari. Na kwenye sherehe ijayo, wanawake wa WAWATA wajaribu kuweka mezani muhogo, kunde, samaki na mboga za majani mbele ya watu wote bila haya. Wageni wakila na kufurahi, haya itapungua yenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu bado ni mdogo, na udongo wa kuuziba tunaukanyaga kila siku tukienda shambani.